Sahani ya Yeyote

"Sahani hiyo unayoifunika kila siku, ni ya nani?"

Subilaga, jirani yangu wa upande wa migomba, aliniuliza hivyo mchana mmoja, amesimama mlangoni kwangu na beseni la nguo kiunoni. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Nikamjibu nilivyozoea.

"Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Atakayekuja."

"Atakayekuja ni mtu, mama Tusekile. Ana jina, ana miguu. Ni yeyote tu, au kuna mtu?"

Hakungoja jibu. Akaenda kuanika nguo zake kwenye ukungu, maana kwetu nguo huanikwa kwenye ukungu, na hukauka zinapotaka zenyewe. Mimi nikabaki nimeshika sahani ya kufunikia, nikiitazama ile iliyofunikwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba sahani mbili zikiwekwa mdomo kwa mdomo hufanana na mtu aliyefumba kinywa.

Siwezi kusema ulikuwa mwaka gani. Katika mji wetu miaka haiji kwa foleni. Mwaka wa msiba wangu ulikuja, ukaenda, kisha ukarudi tena baada ya mavuno kama mtu aliyesahau mwavuli, ukakaa kidogo, ukaondoka. Kengele ya kanisa hulia inapojisikia, nasi husali inapolia. Ukungu ukishuka sana watu huazimana sura. Niliwahi kumwamkia mzee wa kanisa pale darajani, nikaitikiwa kwa sauti ya mama yangu, naye mama nilikwisha kumzika. Hatushangai. Tunaulizana habari za nyumbani, tunapishana. Mji wenyewe hauna jina, au unalo na ukungu umelificha, na hatujalihitaji, maana hakuna aliyewahi kutuuliza tunatoka wapi. Wote tunaoulizana tunatoka hapahapa.

Siku tulipomzika mume wangu Ambakisye nilisimama ukingoni mwa kaburi, udongo ukiwa bado unaongea juu ya mbao, nikamwambia Mungu: sahani ya huyu haitalala kabatini. Kila nitakapopika nitapakua, nitafunika, na atakayeingia na njaa yake ataikuta. Sitamuuliza jina wala dini. Ahadi ile nimeitunza. Wamekula wapita njia, wamekula wauza masufuria, amekula mchungaji, amekula hata mwendawazimu wa sokoni ambaye kabla ya kula huiombea sahani kwa maneno mazuri kuliko ya mchungaji. Siku asipokuja mtu, kuku ndio hula, na kuku nao ni wageni wa Mungu.

Lakini swali la Subilaga lilikuwa limeingia ndani na kuvua viatu. Nilijua nimemwahidi Mungu yeyote. Mkono wangu je, ulikuwa ukijua? Maana mkono ulipopakua uliweka maharage upande, ndizi upande, visigusane, na pilipili moja nzima pembeni. Na hivyo ndivyo alivyokula Ambakisye. Yeyote gani huyo, anayependa pilipili nzima pembeni?

Mimi. Mjane. Mjane mmoja. Yule mjane. Nilikuwa nikitembea ndani ya nyumba nikijiita hivyo, nikijipima kila jina kama nguo ya mtumba. Nilipokuwa mke sikuhitaji kujipima. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye akisema "yuko wapi?" hapakuwa na haja ya kusema nani. Siku alipoondoka, aliondoka na neno hilo mfukoni. Watu wakaanza kusema, "kuna mjane pale juu." Kuna mjane. Kama mtu anavyosema kuna tope, ruka.

Wakati huohuo ndipo nilipoanza kujifunza Kiingereza. Mwanangu Tusekile yuko nchi inayosema lugha hiyo, na mjukuu wangu haijui nyingine. Akipewa simu hupumua tu, nami hupumua, tunapumuliana mpaka salio linakwisha. Nikasema, siwezi kuzeeka napumuliana na damu yangu. Nikaenda kwa Mwalimu Mligo.

Mwalimu Mligo si wa kwetu. Alitoka ng'ambo ya mlima, siku ambayo hakuna anayeikumbuka, akapanga nyumba ndefu iliyokuwa zamani ya kukaushia chai. Mtu mpole, kipara, koti lake lina vifungo vya makoti matatu. Nyumba ile ina ukumbi mmoja mrefu na milango mingi, na nyuma ya milango hakuna vyumba. Kuna uwanja mmoja tu.

"Kiingereza, mama Tusekile, ni nyumba ya milango midogo," aliniambia siku ya kwanza. "Maneno makubwa utayapata hata sokoni. Meza, ng'ombe, mvua. Kazi iko kwenye vineno vya mlangoni. Hapiti mtu bila kineno."

"Na asiyekuwa nacho?"

"Anabaki varandani, ananyeshewa."

Akanipeleka kwenye mlango wa kwanza. Akasema huu unaitwa some. Ukipita hapa unasema, kuna watu humu, siwataji, lakini wapo. Nikapita. Uwanjani palikuwa na watu wamekaa juu ya magunia, wamenipa migongo, wakizungumza taratibu. Nikarudi. Akanipeleka kwenye mlango wa pili, huu unaitwa any. Ukipita hapa hujui kama kuna mtu. Anaweza kuwemo yeyote, anaweza asiwemo hata mmoja. Nikapita. Uwanja ulikuwa mtupu, upepo unazungusha majani ya chai makavu.

"Ni uwanja uleule, Mwalimu."

"Ni uleule. Aliyeingia ndiye si yuleyule."

Ndivyo tulivyosoma. Sikukariri kitu. Nilikuwa naingia na kutoka, kama kuku asiyejua kwake. Kulikuwa na milango miwili imekaribiana hata fremu zinagusana, each na every, na hapo nilikataa kabisa kuingia.

"Sisi tuna kila," nikamwambia. "Kila inatutosha."

"Inawatosha, ndiyo. Lakini chungulia tu."

Nikachungulia. Kwenye every nilimwona mchungaji wa mifugo amesimama kilimani, kondoo wake wako bondeni, weupe, wameungana kama shuka lililoanikwa, naye anawajua wote kuwa ni wake. Kwenye each nilimwona mchungaji yuleyule ameshuka bondeni, ameinama, ameshika sikio la mmoja anatafuta kupe, kisha anamwachia, anashika la mwingine. Nikasimama pale mlangoni miguu ikafa ganzi.

"Mwalimu, Mungu anapita mlango upi?"

Akakohoa. "Mimi ni mwalimu wa shule, mama."

"Najua. Lakini wewe ndiye mwenye funguo."

"Basi nadhani," akasema, akikwepa macho yangu, "nadhani inategemea anayepokea. Kondoo mwenye kupe anaujua ule wa bondeni. Mwenye afya anadhani upo wa kilimani tu."

Nilikwenda nalo jibu hilo nyumbani, nikalitia kwenye sala zangu bila kumwambia. Nikasema, Bwana, unaniona kwa mbali pamoja na wote, nashukuru. Sasa shuka. Kuna kupe.

Mlango wa mwisho ukumbini ulikuwa mdogo, na haukuwa na kitasa upande wetu. Mwalimu alisita kuutaja, kisha akasema, the.

"Unagongwaje?"

"Huu haugongwi. Mtu akiwa anajulikana huko ndani, hukuta umeshafunguliwa. Asipojulikana, hata akilala hapa mlangoni haufunguki."

"Wewe umewahi kuupita?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, na kwa muda ukungu ulioingia dirishani ulimfanya aonekane kijana, kisha mzee sana, kisha yeye mwenyewe. "Zamani. Mahali pengine. Aliyeufungua kutoka ndani amekwisha kufa." Akavaa miwani. "Hapa mjini kwenu mimi ni mwalimu mmoja kati ya walimu."

"Hakuna mwalimu mwingine mjini."

"Hata hivyo," akasema.

Siku chache baadaye alipita kwangu njaa ikimuuma, akaikuta sahani, akala. Kesho yake akapita tena. Mimi ni mtu wa kutazama, sina haraka ya kusema, nikaona anatafunia upande wa kushoto. Siku iliyofuata nikakata ndizi ndogondogo kabla ya kuzipika. Sikujiambia chochote. Mkono uliamua.

Aliyeniambia ni Subilaga. Alikuja kuazima ungo, akaifunua sahani kama nyumba ni yake.

"Heh. Mgeni yeyote siku hizi ana meno mabovu? Ndizi zimekatwakatwa kama za mtoto."

"Zinaiva haraka zikikatwa."

"Na pilipili iliyokuwa inakaa hapa pembeni miaka yote, imehamia wapi?"

"Haipendi."

"Nani haipendi?"

Nikageukia moto. Nyuma yangu Subilaga alicheka kicheko cha puani, kile cha mtu anayeweka kitu akiba, akaondoka, na ungo akausahau.

Nami nikaogopa. Nilimwogopa Mungu, kwa kuwa niliyempa ahadi ni Yeye, na sahani ya yeyote ilikuwa imeanza kuwa na sura. Nikamwogopa Ambakisye, aliye kaburini, au njiani, au ndani ya ukungu, maana ni lini mtu alithibitisha wako wapi? Akirudi na kukuta sahani haina pilipili atajua. Na nilikiogopa kitu kingine ambacho sikukipatia jina. Kwa nini binadamu hatosheki kuwa mmoja kati ya wengi? Maji hutosheka. Majani ya chai hutosheka. Huchumwa yakatiwa kwenye gunia, hakuna jani linalouliza, "mimi ni jani lipi?" Sisi tu ndio tunaopita dunia nzima tukitafuta mdomo mmoja utakaotutaja bila kutueleza.

Kisha Mwalimu akaja siku moja na hakula. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaiweka mikono juu ya sahani iliyofunikwa kama mtu anayeota moto.

"Nimeitwa shule moja ng'ambo ya mlima," akasema. "Ukungu ukiinuka kesho, njia itaonekana. Watu wa huko wananingoja."

"Utakwenda?"

"Sina sababu ya kukataa, isipokuwa nipewe. Mama Tusekile, nimekula hapa siku nyingi. Sijui ninakula sahani ya nani. Kama ni ya yeyote, nitashukuru na kwenda zangu, sitakuwa nimeonewa. Kama ni yangu, siendi popote. Kesho nitapita na mfuko wangu. Usinifundishe kwa maneno, nimechoka na maneno. Nipakulie tu, nitajua."

Akainama, akatoka. Kengele ikalia, nikasali, lakini sala haikutoka mdomoni.

Asubuhi nilimenya ndizi nikiongea na Mungu waziwazi. Nikamwambia: sahani si yangu niigawe, nilikupa Wewe. Nikimwambia "ni yako," nimekunyang'anya. Nikimwambia "ni ya yeyote," nimesema kweli na nimempoteza. Niambie niseme nini. Mungu siku hiyo alikuwa msikilizaji tu. Maganda yaliongezeka miguuni, nje ukungu ulikuwa ukipungua, na niliona kwa mbali, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, ubavu wa mlima na njia imelala juu yake, nyekundu, wazi.

Subilaga alikuja kuchukua ungo aliousahau. Alipouona uso wangu akakaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akaanza kuupepeta ukiwa hauna kitu.

"Anapita leo?" akauliza.

"Anapita."

"Na mfuko?"

"Na mfuko."

"Basi sina safari," akasema.

Nikapika, nikapakua, nikafunika. Kabla sijanawa mikono mlango ulisukumwa, akaingia mtu. Hakuwa Mwalimu. Alikuwa mzee aliyelowa, matope mpaka magotini, na ukungu wa mwisho wa mji ulikuwa umeingia naye kama mbwa wake. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja akaketi penye sahani, akaifunua, akatazama.

"Una pilipili, mama?" akauliza.

Sauti ilikuwa ya Ambakisye.

Nikamtazama. Sikio lilikuwa la Ambakisye. Kisha lilikuwa la baba yangu. Kisha uso wote ukawa wa wauza masufuria, wa mchungaji, wa mwendawazimu, wote waliowahi kukaa pale, wanapita juu ya mifupa yake mmoja baada ya mwingine, na katikati yao, mara moja tena, mume wangu, akitenga maharage upande, ndizi upande.

"Subilaga," nikanong'ona, "unamwona nani?"

"Namwona mzee kalowa," akasema Subilaga. "Mpe pilipili, ale."

Nikaleta pilipili moja nzima, nikaiweka pembeni mwa sahani. Nilimngoja mtu huyu nyuma ya kila mtu aliyeingia, na sasa amekuja akiwa na njaa kama yeyote, amelowa kama yeyote, na kinachomshibisha ni kile kinachomshibisha yeyote. Nikasema, "Karibu, baba. Kula. Ni yako." Nikahisi kitu kikiondoka begani kwangu, taratibu, kama mtoto aliyebebwa akiwa amelala, akaamka, akataka kushuka mwenyewe.

Hapo Mwalimu Mligo akasimama mlangoni na mfuko wa safari. Nyuma yake kulikuwa na jua. Akamwona mzee, akaiona sahani mbele ya mzee, na tayari ilikuwa imefika nusu.

"Naona," akasema. Akaurekebisha mfuko begani. "Asante kwa yote, mama Tusekile."

"Kaa, Mwalimu."

"Njia imefunguka. Si vizuri..."

"Kaa."

Akakaa, kwa adabu tu. Nikaenda jikoni. Nikaiteremsha sufuria mafigani, nyeusi kama ilivyo, ukoko umeshika chini, nikaileta na vijiko viwili, nikaiweka juu ya kigoda kingine mbele yake.

Uso wa Mwalimu ulibadilika, na safari hii haukuwa ukungu. "Mama," akasema polepole, "nimekukosea nini? Kwetu sufuria hukombwa na watoto na mbwa. Siku zote hizo umenipa sahani, leo naaga unanipa sufuria?"

Sikuwa nimejua kwamba ng'ambo ya mlima ni hivyo. Kwetu mgeni hula kwenye sahani, sebuleni, hata awe askofu, hata awe ndugu. Sufuria haitoki jikoni. Anayetia kijiko humo ni mtu wa nyumba hiyo, na tangu Ambakisye, katika sufuria yangu kilikuwa kikiingia kijiko kimoja.

Subilaga aliacha kupepeta.

"Mwalimu," akasema, na hakukuwa na mzaha sautini mwake, "mimi ni jirani wa huyu mama tangu hatujaota mvi. Nimezalia ndani ya nyumba hii. Nimeugulia kwenye kitanda chake. Sufuria hiyo sijawahi kuionja."

Mwalimu akanitazama. Nami nikamtazama, ingawa moyo ulinienda mbio kama wa msichana na ni aibu kwa umri wangu.

"Sahani nilimpa Mungu," nikamwambia. "Siwezi kumnyang'anya nikupe wewe. Atakula yeyote, leo na kesho, na siku nikifa Tusekile ataendelea kuifunika huko aliko. Lakini hii," nikagusa ukingo wa sufuria, bado ulikuwa wa moto, "hii sikuwa nimemwahidi mtu."

Nikachukua kijiko changu, nikachota, nikala. Ndizi zilikuwa zimekatwa ndogondogo.

Mzee kwenye sahani alikuwa amemaliza, ameegemea ukuta, anasinzia kwa uso mmoja tu ambao sikuujua. Mwalimu aliushusha mfuko begani. Akauangalia kana kwamba umemwuliza kitu, akausukuma chini ya kiti kwa mguu. Kisha akachota. Alitafunia kushoto. Tulikula, vijiko vikigongana mara mojamoja, na kila vilipogongana alisogeza chake kidogo ili changu kipite.

Tulipofika kwenye ukoko akaukwangua, akanipa nusu.

"Anayekomba ndiye anayeosha," Subilaga akasema, akiurudisha ungo mapajani. "Msijifanye hamjui. Sufuria haina wageni."

Mwalimu Mligo akasimama. Akavua koti lile la vifungo vya makoti matatu, akalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wangu, akakunja mikono ya shati. Akainyanyua sufuria kwa mikono miwili, masizi yakimshika vidoleni, akatoka nayo mchana kweupe kuelekea bombani, penye wanawake wote wa mtaa.